Breki Hazifeli Ghafla

Haya ni maneno ya fundi mkuu wa karakana ya magari ya kaunti, aliyoyatoa mjini Salgaa, Rongai, mbele ya madereva wa malori, mataniboi, mafundi wa jua kali na wafanyabiashara wa kando ya barabara. Tumeyachapisha karibu yote kama alivyoyasema.

Najua dereva aliyeketi hapa ana mzigo unaosubiriwa Malaba, na mama wa mandazi amemwachia mtoto jiko. Kwa hivyo sitazunguka.

Kila lori linapoanguka kwenye miteremko yetu, kabla vumbi halijatulia, utasikia maneno mawili: breki zilifeli. Dereva akiwa hai atayasema, redio itayasema, na ikifika jioni sote tumekubali, kana kwamba breki ni kama mvua ya mawe, inayoshuka juu ya mtu bila onyo. Mimi kazi yangu ni kufungua magurudumu, yakiwemo ya malori yaliyoburutwa hadi kituo cha polisi baada ya ajali. Ninayoyakuta ndani nayajua kwa moyo sasa. Laini imeisha mpaka rivet zinakwaruza dramu. Slaki imelegea. Tangi la upepo lina maji ya kujaza sufuria. Mpira wa upepo umekunjwa na kufungwa kwa kipande cha tyubu ili usivuje. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotokea kwenye mteremko. Vilianza wiki mbili kabla, au mwezi, gari likiwa limeegeshwa mahali tambarare na mtu akasema, “Tutaangalia tukirudi.”

Hatuzungumzi habari za mbali. Sachang'wan, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Karai kule Naivasha, Desemba 2016. Migaa, alfajiri ya siku ya mwisho ya mwaka 2017, basi na lori, watu 36. Na jirani zetu wa Londiani, tarehe 30 Juni 2023, trela iliacha barabara ikaingia kwa magari na kwa wafanyabiashara waliokuwa wakiuza vitu vyao kando ya njia panda. Zaidi ya watu 50 hawakurudi nyumbani jioni ile. Sisemi kwamba zote hizi zililetwa na breki. Kila ajali ina uchunguzi wake na mimi si hakimu. Ninazitaja kwa sababu zinatuonyesha lori zito likipoteza njia huwa linaelekea wapi. Linaelekea kwa watu, maana katika kaunti hii watu wako pale barabara ilipo.

Baada ya Migaa barabara yetu hapa ilitenganishwa, wanaopanda upande wao na wanaoshuka upande wao, na ukuta katikati. Tunashukuru. Umepunguza magari kugongana uso kwa uso. Lakini ukuta haupozi breki.

Sasa nisikilizeni kidogo hapa, na akina mama mtanisaidia maana ni habari ya jiko. Breki kazi yake ni moja tu: kugeuza mwendo kuwa joto. Lori la ekseli sita, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaliruhusu kufika tani 50, gari na mzigo pamoja. Lori hilo likishuka mita 100, ninazungumzia kimo, si urefu wa barabara, linatoa joto la kuchemsha madebe saba ya maji, yale ya lita 20. Hiyo ni mita 100. Kutoka Mau Summit hadi Nakuru mjini tunashuka zaidi ya mita 600. Hesabuni wenyewe: madebe zaidi ya 40 yakichemka. Joto hilo lazima liende mahali. Sehemu inaliwa na upepo unaopiga gari na tairi zinazosuguana na lami. Ukiwa umeweka gia nzito, sehemu kubwa inachukuliwa na injini na kutoka kwa ekzosti na rejeta. Inayobaki inaingia kwenye dramu.

Dramu ni chuma, na chuma kikipata moto kinatanuka. Ikitanuka, inakwenda mbali na laini. Laini nayo ikipata moto kupita kiasi inateleza kama sabuni. Dereva anakanyaga zaidi, fimbo ya busta inatoka zaidi kuifuata dramu inayokimbia, mpaka fimbo inafika mwisho wake. Hapo upepo uko kwenye geji, mguu uko sakafuni, na gari linakwenda tu. Dereva atakuapia kwamba alikuwa na upepo wa kutosha, na atakuwa anasema kweli.

Shikeni hapo, maana ndiyo siri ya mambo mengi. Lori lenye slaki legevu linasimama vizuri kabisa pale mataa ya Nakuru mjini. Linasimama vizuri Gilgil kwenye mizani. Dramu ni baridi, fimbo inatoka karibu hadi mwisho lakini inatosha, dereva anasema breki ziko sawa. Ile nafasi ya fimbo iliyopaswa kubaki kwa ajili ya dramu ya moto, tayari imeliwa na ulegevu. Mteremko unakuja kuchukua kitu ambacho hakipo. Ndiyo maana nasema hazifeli ghafla. Tena lori la ekseli sita lina breki kumi na mbili. Nne zikiwa hazishiki, nane zilizobaki zinafanya kazi ya kumi na mbili, na hizo nzuri ndizo zitakazoanza kutoa moshi.

Basi, asubuhi. Naomba dakika kumi na tano kabla ya funguo kugeuzwa kwa safari. Nimeambiwa kumi na tano ni nyingi. Foleni ya chai hapa Salgaa ni ndefu kuliko hiyo, na hakuna anayelalamika.

Kwanza weka mawe au kabari kwenye magurudumu, mbele na nyuma ya tairi, maana utaachia hendibreki na hatutaki gari likukanyage ukiwa chini yake. Kisha fungua koki za matangi ya upepo, yote, pamoja na ya trela ambayo husahauliwa. Upepo tunaovuta hapa juu una unyevu, na kompresa inauminya mpaka unakuwa maji. Maji hayo yanaozesha vali, na yanachukua nafasi ya upepo ndani ya tangi: tangi lililojaa maji nusu linakupa nusu ya akiba uliyodhani unayo. Yakitoka maji kidogo, ni kawaida, funga. Yakitoka mafuta meusi, kompresa yako imeanza kufa na inapitisha oili. Mwambie mwenye gari siku hiyo hiyo.

Washa injini, upandishe upepo hadi geji isimame, ambayo kwa malori mengi ni kati ya psi 100 na 125, au bar 7 hadi 8 na nusu kwa zile geji za kizungu. Zima. Achia hendibreki. Kanyaga breki ya mguu na ushikilie dakika moja nzima kwa saa, si kwa kukisia. Kipimo ninachotumia mimi: gari lisilo na trela lisipoteze zaidi ya psi 3 kwa dakika hiyo, na lenye trela lisizidi 4. Ukiwa umekanyaga, taniboi atembee polepole kutoka kichwani hadi mkia wa trela akisikiliza. Sikio la taniboi mwenye umri wa miaka ishirini ni kifaa cha bure. Atasikia msss. Aende mahali inapotoka, apake povu la sabuni, aone.

Halafu kanyaga na kuachia mara nyingi upepo ushuke. Kabla haujapita psi 60 kwenda chini, king'ora cha kabini kinapaswa kulia na taa kuwaka. Ngapi kati yenu king'ora chenu bado kinalia? Naona mikono si mingi, na wengine mnacheka. Najua kiling'olewa kwa sababu kinapiga kelele mtu akitaka kulala. Kirudisheni.

Mwisho, chini ya gari. Hendibreki imeachiwa, mawe yako mahali, upepo umepanda tena. Shika slaki kwa mkono mahali inapoungana na fimbo ya busta, uivute kwa nguvu. Ikisogea zaidi ya inchi moja, imelegea. Tazama pia kama kuna grisi au oili iliyotapakaa ndani ya gurudumu, maana sili ya habu ikivuja, laini inalowa mafuta na gurudumu hilo halina breki tena hata kama laini ni mpya ya jana. Laini ikiloa mafuta haioshwi kwa petroli. Inabadilishwa, pande zote mbili za ekseli, kwa sababu ukibadilisha upande mmoja tu gari litavuta upande huo kila ukikanyaga, na kwenye lami iliyolowa litakugeuza.

Kuhusu slaki za kujikaza zenyewe, ambazo malori mengi ya siku hizi yanazo, nina neno kwa mafundi wenzangu. Fundi anaikuta imelegea, anaikaza kwa spana, anapokea hela yake, gari linakwenda. Lakini ile slaki ilitengenezwa ijikaze. Kama imelegea, ni kwamba imekufa, au pini na bushi zimelika, au mabano ya busta yamelegea. Ukiikaza kwa mkono umeficha ugonjwa, na baada ya siku chache italegea tena mahali wewe hupo. Mweleze dereva ukweli hata kama hana hela ya kubadilisha leo. Akiondoka, aondoke akijua.

Na lingine kwenu mafundi, hili ni la uhai wenu. Ile busta ya nyuma yenye vyumba viwili, busta ya springi, ndani yake kuna springi kubwa iliyobanwa. Ndiyo inayoshika gari upepo ukiisha. Kuna kijana anaona klempu ya nje imeshika kutu, anapiga kwa nyundo ili afungue abadilishe mpira wa ndani. Klempu ikiachia, ile springi inatoka kama risasi, na kilicho mbele yake ni kifua chako au uso wako. Klempu ya upande wa springi haifunguliwi kabisa, kwa sababu yoyote. Hata ukifanya kazi upande wa pili, kwanza springi ifungwe kwa ile bolti yake maalum ndefu mpaka uwe na hakika imeshikwa. Kama hujui bolti hiyo inaingia wapi, acha busta kama ilivyo na uite anayejua. Busta nzima mpya ni ghali. Najua. Haifikii bei ya mazishi.

Ile desturi ya kukunja mpira wa upepo na kuufunga naijua asili yake. Busta imepasuka usiku, uko Makutano au Timboroa, baridi kali, duka la spea limefungwa, upepo unavuja na gari halitembei. Unakunja, unafunga, upepo unapanda, unaondoka. Kwa kutoa gari katikati ya barabara hadi mahali salama, sitagombana nawe. Lakini kipande cha tyubu kilichofungwa kwa dharura kinasafiri mpaka Mombasa na kurudi. Nimewahi kukuta trela moja yenye mipira mitatu imefungwa hivyo, na vumbi juu ya vifundo lilikuwa la miezi.

Tuje kwa nyutro. Hapa sote tunajuana, kwa hivyo nitasema waziwazi. Dereva anapewa dizeli ya kipimo. Inayobaki ni chai yake. Kwa hivyo akifika kilele anaweka gari nyutro na kuliachia lishuke lenyewe. Nataka kuwaambia kitu ambacho labda kitawasaidia zaidi ya kuogopeshwa: kwenye malori ya kisasa yenye pampu ya kompyuta, ukiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye mafuta, injini haipewi dizeli kabisa. Sufuri. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka nyutro, injini inalazimika kuchoma dizeli ili isizimike. Yaani mnaoweka nyutro kwenye lori la kisasa mnapoteza dizeli mnayodhani mnaiokoa. Na injini ikiwa inanguruma polepole vile, kompresa nayo inazunguka polepole, upepo unarudi pole pole huku ninyi mnautumia kwa haraka. Kwa lori la zamani la pampu ya kawaida, hata hilo kima chake hukata mafuta ukiachia pedali ndani ya gia. Kwa hivyo hata kwa hesabu ya chai, nyutro haina faida.

Gia ya kushukia inachaguliwa juu, kabla ya kibao cha mteremko, gari likiwa bado linakutii. Madereva wazee walifundisha kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kwa malori ya zamani ilikuwa sawa. Haya ya leo yana injini zenye nguvu na bodi zinazokata upepo, yanapanda kwa gia kubwa kuliko inayofaa kushukia, kwa hivyo shuka chini zaidi ya hapo. Washa breki ya ekzosti, au ritada kama unayo, lami ikiwa kavu. Halafu chagua mwendo. Sheria inasema lori zito lisizidi kilomita 80 kwa saa, lakini hiyo ni ya tambarare. Kwenye mteremko mrefu ukiwa na mzigo unaweza kuhitaji 40 au chini yake. Tuseme umechagua 40. Gari likifika 40, kanyaga breki kwa nguvu ya kutosha mpaka lishuke hadi kama 32, kisha achia kabisa. Libaki gia ifanye kazi. Likirudi 40, kanyaga tena. Usiuweke mguu juu ya breki kwa wepesi kilomita nzima, maana hapo dramu hazipati hata sekunde moja ya kupoa. Magari ya nyuma yatapiga honi. Waache wapige.

Na ukisikia harufu ya laini inayoungua, au ukaona pedali inakwenda chini kuliko ilivyokuwa juu ya mlima, hapo ndipo pa kusimama, mapema, bado ukiwa na kitu cha kusimamia. Usitoe gia. Gia ikitoka kwenye mteremko mkali haitarudi. Ukishasimama pembeni, tia mawe kwenye magurudumu na usivute hendibreki dramu zikiwa zinatoa moshi, maana zikipoa zinanywea na zinaweza kupasuka. Na ninyi mataniboi, tafadhali, acheni kumwagia maji dramu ya moto. Najua inapendeza kuona mvuke. Chuma cha moto kikipigwa na maji baridi kinapata nyufa ndogo usizoziona, na dramu yenye nyufa itapasuka siku nyingine, mikononi mwa dereva mwingine. Subirini. Nusu saa, saa moja, inategemea.

Wenye malori huwa hawaji kwenye vikao kama hivi, lakini naambiwa maneno haya yatachapishwa kwenye jarida la kaunti, kwa hivyo nawasalimu humo. Gari lako linakaguliwa na NTSA mara moja kwa mwaka. Stika inasema lilikuwa sawa siku ile. Siku zilizobaki ni zako na dereva wako. Dereva anakupigia simu kutoka Salgaa kwamba laini zimeisha, unamwambia, “Fika kwanza, tutaona.” Ajali ikitokea, wa kwanza kutiwa pingu ni yeye. Mimi nashauri kitu kidogo cha bei ya daftari: weka daftari la breki ndani ya kabini. Dereva aandike tarehe, kilomita, alichokiona, nani alimwambia nini kwa simu na saa ngapi. Fundi aandike alichofanya na atie sahihi. Wewe mwenye gari usome na utie sahihi kila mwezi. Madereva, mwenye gari akikataa daftari, nunueni lenu. Likiwa na maandishi ya tarehe na saa, angalau utakuwa na la kuonyesha.

Najua wengine mnasema haya ni ya trela za Malaba, sisi tunabeba viazi tu kutoka Molo na Kuresoi, au mawe na mchanga wa kujengea. Lori dogo la viazi linapakiwa magunia mpaka springi zinanyooka, na barabara za mashambani hazina mizani. Breki zake mara nyingi ni za mafuta, na mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu. Yakikaa miaka yanakuwa na maji ndani, yakipata moto maji yanachemka, pedali inakuwa laini kama sifongo na kushuka hadi chini. Yabadilishwe kila miaka miwili. Na yasiongezwe oili ya injini kwa kuwa ndiyo iliyopo. Inavimbisha mipira yote ya breki, na hapo utanunua kila kitu upya.

Gari likiharibika hata baada ya haya yote, kwa sababu chuma ni chuma, litoe kwenye lami kadiri linavyoweza kwenda. Weka pembetatu za kuakisi mwanga, mbele na nyuma, mbali vya kutosha kwa mtu anayekuja mbio kwenye kona kuziona kabla ya kukuona. Matawi ya miti tumezoea kuyatumia, na ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini usiku hayang'ai. Na mawe mliyoweka kwenye tairi, mkiondoka, ondokeni nayo au myatupe mtaroni. Jiwe linaloachwa kwenye lami jioni, saa mbili usiku linamngoja kijana wa bodaboda aliyebeba abiria.

Akina mama na vijana wa biashara, sikuwasahau. Ninyi mnaishi na malori haya kuliko mimi. Lori likipita hapa mbele yenu linatoa moshi kwenye magurudumu, si kwenye ekzosti, mpigie dereva kelele, mpungie mkono, mwonyesheni tairi. Mara nyingi yeye hawezi kuona, na moshi wa gurudumu la mwisho la trela unaonekana na muuza mahindi kabla ya mtu mwingine yeyote. Likipita na halisimami, piga 999 au 112, useme linaelekea wapi. Meza zenu zisikae mwisho wa mteremko wala upande wa nje wa kona, hata kama wateja ndipo wanapopunguza mwendo. Najua biashara inafuata wateja, na mkiambiwa mhame mnauliza tuhame twende wapi. Swali hilo ni la haki, na Mheshimiwa ameketi hapa, amelisikia. Lakini hata kusogea hatua ishirini nyuma ya mtaro kuna tofauti. Na lori la mafuta likianguka, hakuna debe, hakuna mtungi, hakuna kusogea hata kupiga picha. Nendeni mbali, upande unakotoka upepo, mzime majiko. Walioondoka Sachang'wan walikuwa watu kama sisi, wengi wao walikuwa wamebeba mitungi ya nyumbani.

Nimeona swali moja kule nyuma, kijana aliyevaa koti la bluu anauliza slaki inakazwa kuelekea upande gani. Inategemea gari, na kueleza kwa mdomo hakufai. Pale nje kuna lori la ekseli sita, dereva wake ametukubalia. Tia mawe kwanza. Taniboi mmoja aje na sabuni ya unga na chupa ya maji, mwingine alete saa. Tutaanza na gurudumu la mwisho la trela, lile ambalo hakuna mtu huwa analiangalia.